Glavu na Buti Havitoshi



Kila isikikapo habari ya mtu kuunguzwa na tindikali kiwandani, jawabu la matajiri ni lile lile: vaeni glavu na buti. Glavu na buti twavitaka, nayo ni haki yetu. Lakini twauliza: kwa nini pipa la tindikali liwepo, ikiwa kazi yaweza kufanyika bila ya hilo pipa?

Katika kazi nyingi za kemikali, tindikali haiwi sehemu ya bidhaa. Yatiwa kuchochea tu, kazi iende upesi. Kazi ikiisha, lazima izimwe kwa chokaa au magadi, kisha yale maji ya chumvi yatafutiwe pa kumwagwa. Nasi wa Changamwe, Kisauni na Likoni tumezungukwa na hori ambamo wenzetu huvua samaki na kamba.

Siku hizi wataalamu waweza kuiweka nguvu ya tindikali katika chembe ngumu, mfano wa mchanga. Chembe zatiwa, zachochea, zachujwa, zatumiwa tena. Hii si ndoto. Huko Japani, mwaka 1990, kampuni ya Asahi ilianza kutengeneza malighafi ya nailoni kwa chembe za zeolaiti zilizochanganywa na maji. Kazi ya namna hiyo yaweza kufanywa pia kwa tindikali kali ya majimaji. Wao wakachagua chembe.

Hatusemi chembe zafaa kila mahali. Nyingine hudhoofika zikiingia majini, na zote huchoka mwishowe. Gharama ya kuanza nayo si ndogo. Lakini jicho la mtu lina bei gani?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Basi wajumbe wetu waulize humo: ni kazi ipi hapa yaweza kuachana na tindikali ya majimaji? Jawabu litolewe kwa maandishi.

Tena tusidanganyike. Ndugu zetu wanaobeba mapipa na kukoroga chokaa wasifukuzwe kwa kisingizio cha mtambo mpya. Wafundishwe kuchuja na kutunza hizo chembe, na mshahara wao usipunguzwe. Usalama twautaka, na kazi twaitaka.

Ndugu, mmoja akiuliza peke yake ataitwa mkorofi. Tuulize sote. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.