Vanila Tuipande, Lakini Mkarafuu Usiguswe

Ndugu Wanachama,

Siku hizi kila tunapokutana kwenye majamvi ya kuanikia karafuu, mazungumzo ni ya vanila. Wako wanaosema ni mali, na wako waliokwisha kutaja kukata mikarafuu mikongwe ili wapate pa kuipanda. Kwa kuwa mmeniweka kuwa katibu wenu, naona ni wajibu wangu kutoa rai yangu waziwazi: vanila ni mmea wa kheri, ila si wa kukalia mahali pa mkarafuu, wala si mmea wa mtu mvivu.

Asili yake ni misitu ya Mexico, na hutambaa juu ya miti mingine. Ulipopelekwa nchi nyingine ulitoa maua lakini haukuzaa vya kutosha, kwani wadudu wa kulichavusha ua lake hawakuwako huko. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alionyesha njia nyepesi ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Njia hiyo ndiyo itumikayo hata leo Bukini na Ngazija. Mabwana walitajirika kwa vidole vya mtoto yule, naye akafa maskini mwaka 1880. Nayataja haya ili tujue mapema nani atakula jasho letu.

Kuipanda si kugumu. Kwanza panda miti ya kuegemea, kama mbono kaburi, ipate kama mwaka mmoja. Kisha chukua kipande cha mtambaazi cha urefu wa mita moja au zaidi, kiweke kivulini wiki moja hivi kidonda kikauke, ndipo ukipande. Usikifukie sana. Mizizi yake iko juu juu, basi ifunike kwa majani makavu na jembe lisifike hapo. Kivuli kiwe nusu kwa nusu. Mtambaazi ukipita kimo cha mtu, uinamishe urudi chini; ukiachwa uende juu, maua utayatazama tu. Mwaka wa tatu hivi utaanza kutoa maua.

Hapo ndipo kazi ilipo. Ua hufunguka asubuhi na mchana limekwisha kunyauka. Mwenye shamba apite kila siku na mwiba wa mndimu, ainue kile kiwambo kidogo kilicho kati ya dume na jike, kisha akandamize kwa kidole. Kila kichala achavushe maua manane au kumi tu, mmea usije ukachoka.

Wengine husema kazi hii ni ya udhia. Mimi naona ndiyo faida yake. Mkarafuu wataka mtu mwenye miguu na kifua, na sote twajua waliovunjika kwa kuanguka juu yake. Vanila yataka jicho na kidole. Mzee asiyeweza tena kupanda, au mjane asiye na kijana wa kumchumia, anaweza kuishughulikia akiwa amesimama chini. Kwa watu hao nasema tuipande: miche ishirini au thelathini kwa kila nyumba, penye nafasi. Tusiifunge kwenye mikarafuu, kwani wachumaji wataikanyaga na kuikata.

Ama kukata mikarafuu, hapana. Katika miaka ya 2003 na 2004 kilo moja ya vanila iliyokaushwa ilikaribia dola 500 za Kimarekani. Kufika 2005 bei iliporomoka hadi dola 50 hivi. Aliyekwisha kung'oa miti yake alishika nini? Nao wanaotegemea mkarafuu peke yake wakumbuke tufani ya mwaka 1872, iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, ya kwetu Pemba ikasalimika. Mwenye miguu miwili husimama vizuri zaidi kuliko mwenye mmoja.

Limebaki neno moja, nalo ndilo zito. Ganda la vanila hukaa miezi minane au tisa mtini kabla ya kukomaa. Katika muda huo mwizi huwa macho, na mwenye mali huingiwa na hofu akalichuma bichi. Ganda bichi halina harufu ya maana, na mnunuzi akidanganywa mara moja hatarudi kwa yeyote kati yetu. Bukini wakulima huyatoboa maganda yao alama kwa sindano yangali mtini, ili kila mmoja ajulikane mali yake. Nasi tufanye hivyo, kila mwenye alama aiandikishe katika daftari la chama, na tukubaliane siku moja ya kuanza kuchuma. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo hili nitalileta katika mkutano wetu ujao. Asiyekubaliana nami aje aseme, maana shamba ni lake na chama ni chetu sote.

Wassalaam,
Katibu wenu