Probox Imetushinda Sote, na Sisi Madizaina Tukubali

Wacha nianze na kitu kitakachofanya wasee wa kazi yangu wanitoe kwa magrupu yote: hakuna gari kwa barabara za Kenya iliyochorwa kwa akili kama Probox. Sijasema ni nzuri. Nimesema imechorwa kwa akili. Kama wewe ni dizaina na huoni tofauti ya hayo mawili, hii ni yako. Miaka mitatu iliyopita ingekuwa yangu.

Majuzi rafiki yangu alinunua ndai. Imetoka Mombasa juzi tu, nyeupe, viti vya ngozi, skrini katikati kubwa kama televisheni ya sebule. Akanipitia Roysambu tuizindue. Tukafika karibu na Githurai, mvua ikashuka, kioo cha mbele kikaingia ukungu. Jamaa akaanza kutafuta feni. Feni iko ndani ya skrini. Skrini inaongea Kijapani. Akabonyeza picha ya kwanza, ikaja ramani ya mji fulani wa Japani. Akabonyeza ya pili, redio ikaanza kukoroma. Mimi nimeshusha dirisha, nimetoa kichwa nje, namwambia lori liko upande gani.

Fikiria hiyo picha. Watu wawili wenye digrii, gari ya zaidi ya milioni 2, na hatuoni mbele kwa sababu mtu fulani mahali fulani aliamua kwamba kitufe ni ushamba.

Kando yetu ikapita Probox, imejaa magunia hadi kwa dari. Kioo safi. Yule dereva alizungusha kidude kimoja kwa dashibodi bila hata kuangalia chini, na maisha yakaendelea.

Sasa tuongee kuhusu hiyo Probox mnayoicheka. Toyota waliitoa 2002, na hawakuichora kwa ajili ya harusi. Waliichora kwa ajili ya mfanyakazi wa Kijapani anayeshinda barabarani akipeleka mizigo na kutembelea wateja. Gari ndiyo ofisi yake. Kwa hivyo walipoifanyia marekebisho makubwa mwaka wa 2014, waliweka kimeza cha kuvuta kwa dashibodi, mahali pa kusimamisha simu, na mahali panapotosha pakiti ya kinywaji ya lita 1. Kule nyuma sakafu ni bapa na ubavu umesimama wima, ili boksi liingie likiwa boksi. Mtu alikaa chini akajiuliza huyu jamaa anakula wapi chakula cha mchana, anaandikia wapi risiti, mzigo wake una umbo gani. Halafu akachora.

Hiyo ndiyo kazi. Yote mengine ni kupaka rangi.

Najua mtaniambia haya ni mapenzi yangu tu na magari ya mizigo. Haya, tuende kwa vipimo. Mwaka wa 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilichukua magari mapya 11 ya skrini na Volvo moja ya mwaka wa 2005 yenye vitufe vya kawaida. Dereva anakimbia kilomita 110 kwa saa, anaambiwa afanye mambo manne madogo, kama kuwasha joto la kiti na kubadilisha stesheni ya redio. Kwa ile Volvo mzee, yote manne yaliisha kwa sekunde 10, gari ikiwa imekimbia mita 306. Gari mpya iliyoshika mkia ilichukua karibu sekunde 45. Kwa huo muda ilikuwa imekula mita 1,372. Zaidi ya kilomita moja, na macho ya dereva yanahangaika kwa skrini. Hebu weka hiyo kilomita kwa barabara yetu ya kwenda Nakuru usiku, ambapo lori limeharibika katikati ya njia na alama yake ya hatari ni tawi la mti.

Bado ni mapenzi? Agosti 2017 meli ya kivita ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore. Mabaharia 10 walikufa. Uchunguzi uligusa mambo mengi, mafunzo na uchovu yakiwemo, lakini mojawapo ni kwamba usukani na kasi ya meli vilikuwa vinaendeshwa kwa skrini za kugusa zilizowachanganya waliokuwa zamu. Miaka miwili baadaye jeshi hilo la majini likasema linarudisha mikono halisi ya kusukuma na kuvuta. Jeshi lenye pesa kuliko majeshi yote duniani lilirudi kwa chuma cha kushika.

Na Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaogonga magari kwa ukuta ili watupe nyota za usalama, wameweka vigezo vipya vya kuanzia 2026: indiketa, hazadi, honi, waipa na simu ya dharura ziwe na vitufe halisi, kama gari inataka alama kamili. Kwa hivyo wasee, ushamba sasa umekuwa kigezo cha usalama.

Swali langu ni, kwani tulifikaje hapa? Jibu halina siri. Skrini moja ni rahisi kutengeneza kuliko vitufe 40 vyenye waya na ukungu wake kila kimoja. Halafu inauza. Ukiingia kwa yadi pale Ngong Road, gari imezimwa, imesimama, imeoshwa, skrini ndiyo inakuita. Hakuna mtu amewahi kununua gari kwa sababu kidude cha feni kilimpendeza. Yaani kampuni inaokoa pesa na wewe unaambiwa hiyo ndiyo anasa. Unalipa zaidi ili upewe kidogo.

Kwetu hapa jambo linazidi kuwa baya, kwa sababu sisi hatununui gari mpya. Sheria inataka gari la mtumba lisizidi miaka 8, na mengi yanatoka Japani. Kitufe hakina lugha. Feni ya Osaka na feni ya Rongai zinazungushwa vilevile. Skrini ina lugha, ina ramani ya nchi nyingine, na ukitoa betri nyingi zinaomba neno la siri ambalo lilibaki na mwenyewe wa kwanza. Hata redio: Japani FM yao inaanzia 76, na redio nyingi za zamani zilikuwa zinaishia 90, huku stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi 108. Ndiyo maana unasikiliza stesheni mbili kwa mwaka mzima mpaka fundi akuwekee kidude cha kuhamisha mawimbi. Gari yenye vitufe inazeeka. Gari yenye skrini inapitwa na wakati, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Na si magari pekee. Nyinyi mnaofanya kazi kwa MacBook Pro mnakumbuka 2016 walipotoa tundu la HDMI, tundu la kadi ya kamera na ile chaja ya sumaku. Tukaambiwa huo ndio wakati ujao. Tukatembea na mifuko ya adapta miaka mitano kama mafundi wa stima, tukifika kwa klaienti kuonyesha kazi tunaomba adapta kwa risepshoni. 2021 wakarudisha vyote vitatu. Na tukapiga makofi tena! Tulipiga makofi vilipotolewa na tukapiga makofi viliporudishwa. Hapo ndipo nilijua shida si wao tu. Shida ni sisi.

Sasa nije kwa kosa langu, kwa sababu si haki nicheke wengine nikiwa msafi.

Miaka mitatu iliyopita nilipewa kazi ya kuchora apu ya ushirika mmoja wa wakulima wa maziwa huko Nyandarua. Mkulima anaingiza PIN, anaona lita alizopeleka, anaona pesa zake. Klaienti aliniambia neno moja tu: "Ikae premium." Nikaifanya premium kwelikweli. Maandishi membamba, rangi ya kijivu juu ya nyeupe, nafasi tele, vipicha bila maneno. Nilichora usiku, kwa skrini kubwa ya inchi 27, mapazia yamefungwa. Niliweka picha zake kwa kurasa zangu na mkanisifu, wengi wenu mko hapa. Ilinipatia kazi zingine mbili.

Baada ya miezi kadhaa nikapanda huko kupiga picha za wakulima wakitumia apu. Nikakutana na mama mmoja, umri wa shosho yangu, kwa kituo cha kupokea maziwa. Nikamwomba afungue apu nimpige picha. Akasema, "Mimi husomewa." Anasomewa na nani? Na kijana wa duka. PIN je? Kijana anayo pia, atamsomeaje bila hiyo? Halafu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeongea mambo ya hali ya hewa, kwamba kuna mwezi shilingi 4,200 zilitoka na hajui zilienda wapi. Hakumlaumu yule kijana, na hata mimi siwezi, maana hakuna anayejua. Alijilaumu yeye. "Mimi si mtu wa simu," akasema.

Nikachukua simu yake. Tecno ndogo, kioo kimepasuka pembeni, jua la saa saba. Manze, mimi mwenyewe niliyeichora ile apu sikuweza kuisoma. Nilikinga kwa kiganja, nikageuka nikapa jua mgongo, bado. Akaniuliza, si kwa ubaya, "Mwanangu, haya maandishi huwa mnaandikia nani?"

Na huyo mama anajua kusoma. Alikuwa na Biblia kwa mfuko wa maziwa. Alikuwa mtu wa simu vizuri sana: amekuwa akituma na kupokea pesa kwa simu tangu siku za kabambe, kwa menyu ya maandishi meusi ambayo haina urembo wowote. M-Pesa ilianza 2007 kwa simu kama hizo na ikabeba nchi nzima, shosho ndani. Nokia 1100, ile tuliyoita mulika mwizi, ilitoka 2003 na tochi kichwani na vitufe vilivyofunikwa vumbi lisiingie, ikauza zaidi ya milioni 250. Hizo zilimpa yule mama uwezo. Mimi nikaja na zawadi zangu za kubuni nikamnyang'anya, halafu nikamwacha akidhani ni yeye mjinga.

Nilirudi nikaichora upya kwa usiku mbili, bure, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Maandishi makubwa meusi, maneno kwa kila kitufe, salio ndilo kitu cha kwanza. Meneja akaiangalia akasema, "Sasa imekaa kama kabambe." Nikamwomba tutoke nje. Nikamsimamisha kwa jua, nikampa simu yenye kioo kilichopasuka, kwanza ile ya zamani, halafu hii mpya. "Nisomee salio." Hakubishana tena.

Najua majibu yenu. La kwanza: Probox zinaua watu. Kweli, zinaua, zikijazwa abiria 10 kwa gari ya watu 5 na kuendeshwa kama zinafukuzwa. Hilo ni letu na la polisi wetu, na sitalifunika. Aliyeichora hakuweka mtu kwa buti. La pili: skrini zina faida. Zina, na kamera ya kurudi nyuma imeokoa watoto. Sijasema tuvunje skrini. Nimesema kitu unachofanya gari ikitembea kiwe cha kushikwa kwa kidole bila macho, na kitu unachofanya ukiwa umeegesha kiende kwa skrini. Hiyo si falsafa ngumu.

La tatu ndilo lenye uchungu: klaienti halipi kazi inayokaa rahisi. Nalijua hilo kwa tumbo. Ukimpelekea kitu cha kawaida kinachofanya kazi, anakuuliza pesa yake imeenda wapi. Ukimpelekea vivuli na mng'ao, anaita wenzake waje waone. Lakini bana, nani alimfundisha hivyo? Ni sisi. Kila siku tunaonyeshana kazi ndani ya simu mpya kabisa, juu ya meza ya mbao, kando ya kikombe cha kahawa. Sijawahi kuona mmoja wetu akionyesha kazi yake kwa Tecno yenye ufa, mkono mmoja umeshika mtungi wa maziwa.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Kazi unayofanya wiki hii, kabla hujaituma, itoe nje saa saba mchana. Iweke kwa simu mbaya kabisa unayoweza kuazima. Mpe mtu ambaye hajawahi kukusikia ukieleza, unyamaze, umtazame akihangaika. Akishindwa, usimwambie ni rahisi. Rudi ndani uchore tena, na umtoze klaienti hiyo siku, kwa sababu hiyo ndiyo siku uliyofanya kazi.

Rafiki yangu bado hajajua feni iko wapi. Juzi amebandika karatasi kwa dashibodi, ameandika kwa kalamu: ukungu, bonyeza mara tatu kulia. Gari ya milioni 2, na sehemu yenye dizaini bora ndani yake ni hiyo karatasi.