Ukoo Haushikiliwi na Safari ya Desemba

Vuli ya Kilimanjaro huanza kwa manyunyu ya mwishoni mwa Oktoba, hushika kasi Novemba na kufifia Desemba, wakati mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanapofurika abiria wa Moshi na Rombo. Imani iliyoenea, Uchagani kwenyewe na nje yake, ni kwamba safari hiyo ya mwisho wa mwaka ndiyo inayouzuia ukoo usisambaratike. Utani wa mjini husema Mchaga anakwenda "kuhesabiwa". Watu huucheka utani huo huku wakiuamini: anayefika Desemba ni mwana wa nyumbani, asiyefika amepotea. Imani hiyo si ya kweli, na inawadhulumu wanaobaki mlimani miezi mingine yote.

Kinachoufunga ukoo wa Kichaga ni kihamba, shamba la nyumbani ambamo kahawa hukua chini ya migomba, na migomba chini ya miti mirefu kama mringaringa. FAO iliutambua mfumo huu mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu. Sifa hiyo ni ya haki, ila kihamba hakijilimi. Ng'ombe wake hachungwi. Hukaa bandani akaletewa chakula. Oktoba, kabla vuli haijakolea, majani ya mlimani huwa yamekwisha, na wanawake hushuka tambarare kutafuta nyasi na mabua ya mahindi, kisha hupanda nayo mlima yakiwa kichwani. Ng'ombe akikosa majani, mgomba hukosa samadi; mgomba ukikosa samadi, mkungu hudhoofika na nyumba hula vibaya.

Kazi za vuli haziishii hapo. Ukanda wa juu bado una kahawa mtini, na kahawa iliyoiva haimsubiri mwenye likizo. Huchumwa, humenywa, huoshwa na kuanikwa, na wingu likitanda lazima awepo mtu wa kukimbia kuifunika. Mvua ikiujaza tope mfongo, yaani mfereji wa maji wa jadi, wanaotumia maji yake huitana kuuzibua, na asiyetokea hutozwa faini. Wengi wa wanaoshika majembe siku hiyo ni ndugu au wakwe. Shangazi akilazwa, wao ndio hubeba chakula hospitalini. Mama akijifungua, wao ndio humpikia mtori. Hata sherehe ya Desemba ni jasho la Novemba. Pombe ya mbege hutaka ndizi zilizoivishwa na ulezi uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa, na mbuzi wa kuchinjwa alilishwa na mtu. Mgeni hukuta kata imejaa.

Watetezi wa Desemba wana hoja moja nzito: pesa. Tangu mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa uvunjike mwaka 1989 na bei kuporomoka, ada za shule, dawa na mabati ya nyumba nyingi hutoka mjini. Wanaohama nao si wachache. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 watu wa mkoa wa Kilimanjaro waliongezeka kutoka 1,640,087 hadi 1,861,934, wastani wa asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati wastani wa Tanzania nzima ulikuwa asilimia 3.2. Pesa hiyo ina heshima yake. Lakini pesa ya simu haimgeuzi mgonjwa kitandani, wala haimsikii mzee anayekohoa usiku.

Ubaya wa imani hii huonekana kwenye kikao cha ukoo. Aliyechangia zaidi huzungumza kwanza na kwa muda mrefu. Aliyebaki huitwa aliyeshindwa na maisha, hutumwa viti, kisha huulizwa kwa nini migomba imechakaa. Mila ilikuwa na mantiki zaidi. Kitindamimba wa kiume alirithi nyumba ya wazazi kwa sababu ndiye aliyebaki kuwatunza. Haki na mzigo vilikwenda pamoja. Siku hizi kitindamimba naye yuko Arusha au Dar es Salaam. Haki ameondoka nayo, mzigo amemwachia mkewe, dada asiyeolewa au kijana wa kuajiriwa. Mwanamke aliyelisha kihamba miaka ishirini huweza kusikia siku ya matanga kwamba hana chake, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Sheria ipo, kwenye kikao haitajwi.

Vikao vya mwaka huu vina nafasi ya kubadili utaratibu. Kabla ya orodha ya michango isomwe orodha ya kazi: nani alileta majani, nani alizibua mfongo, nani alilala hospitalini na mzazi. Wenye majina hayo wapewe neno la kwanza kuhusu kihamba na sehemu yao iandikwe, wanawake wakiwamo. Na wanaorudi mjini Januari waondoke wamekwisha kupanga zamu: nani atachukua likizo yake Novemba ijayo.