Kuku wa Mtoto Anajinyonyoa Manyoya? Uliza Kwanza, Dawa Baadaye

1.
Leo nazungumzia kuku. Najua wapo watakaosema nesi ameishiwa mada. Nisomeni mpaka mwisho, maana habari hii ilianza na kuku ikaishia wodi ya watoto.

Jioni moja mama mmoja alikuja mbio amembeba mtoto wa miaka mitatu. Mate yanamtiririka, jasho jingi, ametapika njiani, anahema kwa shida, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama nukta. Tukauliza, amekula nini? Chakula cha nyumbani tu. Kuna dawa yoyote ameshika au amekunywa? Hakuna. Mpaka bibi yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema taratibu: "Labda ile ya yule kuku."

Kuku mwenyewe alikuwa wa mtoto. Alipewa akiwa kifaranga, akamlea, akawa anambeba mgongoni kwa kipande cha kanga. Wiki ile kuku akaanza kujinyonyoa manyoya. Nyumbani wakasema huo ni utitiri. Jirani akawapa dawa yake ya kupulizia nyanya, wakaikoroga kwenye beseni, wakamchovya kuku mzima mzima, wakamwachia hata hajakauka. Na mtoto, kama ilivyo kawaida yake, akaenda kumkumbatia rafiki yake.

2.
Mtoto alipona, tumshukuru Mungu. Tulimvua nguo, tukamwosha mwili mzima kwa maji na sabuni, daktari akaanzisha sindano za atropini, na usiku ule hakuna aliyekaa chini. Kuku alikufa usiku huohuo.

Kesho yake mama alipotulia nikamuuliza habari za yule kuku. Akasema alikuwa anashinda kwenye kikapu, hatoki hata kula, ukimsogelea anavimbisha manyoya na kutoa sauti ya ukali. Na alijinyonyoa kifuani tu, kwingine kote alikuwa mzima.

Nimekulia kwenye nyumba yenye kuku, kwa hiyo nilijua hapohapo. Yule kuku hakuwa na utitiri. Alitaka kuatamia.

Ndiyo maana naandika. Kwa maoni yangu, kosa la nyumba ile halikuwa ukatili wala uzembe. Walimpenda kuku na walimpenda mtoto. Kosa lilikuwa kukimbilia dawa kabla ya swali. Na hilo tunalifanya wote, kwa kuku na kwa watoto.

3.
Sasa tuelewane kuhusu kuatamia. Manyoya kazi yake ni kuzuia joto la mwili lisitoke. Joto la kuku ni karibu nyuzi 41, na mayai yanalihitaji siku 21 mfululizo. Mtetea akijinyonyoa kifuani, ngozi inagusa mayai moja kwa moja na joto linapita. Manyoya yenyewe anayatandika kwenye kiota. Yaani anachofanya ni kutandika kitanda cha wanawe.

Kuku wa mtoto mara nyingi hana hata jogoo, lakini hamu ya kuatamia inamjia vilevile. Huna haja ya dawa. Okota mayai kila siku, ziba pale anapopenda kukaa, mtoe nje mara kwa mara ale na anywe. Kama una nafasi, muwekee mayai yenye mbegu, umwachie mwanao aone vifaranga wanavyotoka. Manyoya yatarudi yenyewe.

4.
Utajuaje kama ni hilo au ni jingine? Sisi wodini kabla ya kutoa dawa tunauliza: wapi, tangu lini, na nini kimebadilika? Fanya hivyohivyo.

Angalia mahali palipobaki wazi. Kifua peke yake, na kuku hataki kutoka kiotani: anaatamia.

Kichwa na nyuma ya shingo: hapo mdomo wake haufiki. Hajinyonyoi, ananyonyolewa na wenzake. Banda limebana, au chakula ni cha kugombania.

Mgongo, na kuna jogoo nyumbani: ni kucha za jogoo anapompanda.

Kuzunguka sehemu ya haja, ngozi ni nyekundu na kwenye mashina ya manyoya kuna vitu vyeupe vimegandana: hapo ni chawa, hayo ni mayai yao.

Manyoya yanaanguka kuanzia kichwani, shingoni, kisha yanashuka mwilini, na mapya yanachomoza kama vijiti: anabadilisha manyoya tu. Kuku wakubwa hupitia hali hiyo karibu kila mwaka, na kutaga kunapungua au kunasimama. Usimchinje ukidhani amekwisha.

5.
Kama hakuna kati ya hayo, basi tazama mambo matatu.

La kwanza ni utitiri mwekundu. Huyu ni mjanja. Mchana anajificha kwenye nyufa za banda, usiku anatoka kunyonya damu. Ukimkagua kuku mchana utasema ni msafi. Nenda usiku na tochi, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia. Kikitoka na madoa ya damu, umempata. Na kama mwanao anayecheza bandani ana vipele vinavyowasha na sabuni zote mmemaliza, kakague banda kabla hujanunua krimu nyingine.

La pili ni chakula. Unyoya karibu wote ni protini. Kuku anayekula pumba za mahindi na makombo ya ugali, protini hiyo ataitoa wapi? Wengine hunyonyoa manyoya na kuyala. Muongezee dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti, au mwache achakure nje atafute wadudu.

La tatu ni upweke, na hapa nitawaudhi wengine. Kuku ni kiumbe wa kundi. Tunamnunulia mtoto kifaranga kimoja, tunakiweka kwenye boksi jikoni kwenye nyumba ya kupanga, mtoto akienda shule kinabaki peke yake kutwa nzima, hakuna udongo wa kuchakura wala mavumbi ya kujigaragaza. Akikua anajidonoa mwenyewe. Halafu tunasema ana ugonjwa. Kama huna nafasi ya kuku wawili na kipande cha ardhi, usimnunulie mtoto kuku. Mnunulie mpira.

6.
Wapo watakaoniambia: nesi, kuku ni kuku, achinjwe tuendelee na maisha. Sibishani na anayefuga kwa ajili ya nyama na mayai. Lakini huyu wa mtoto analala karibu na mtoto na anabebwa na mtoto. Chochote utakachompaka, umempaka mwanao. Kwa hiyo nawaomba haya:

Dawa ya mimea haipakwi kuku. Ya kuogeshea ng'ombe pia usimwekee kwa kukisia. Muulize afisa mifugo wa kata yako, akuandikie dawa iliyotengenezwa kwa kuku.

Ukishamtibu, mtoto asimshike mpaka muda ulioelekezwa upite. Uliza pia mayai na nyama visiliwe kwa siku ngapi.

Safisha banda lenyewe, mwaga maji ya moto kwenye nyufa, na rudia tiba kama ulivyoelekezwa. Mayai ya utitiri huanguliwa baadaye, ndiyo maana mara moja haitoshi.

Siku zote, kuku awe mgonjwa au mzima, mtoto anawe mikono kwa sabuni akishamshika, na asimbusu. Kuku mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, na wadogo chini ya miaka mitano ndio wanaoumwa zaidi.

Ikitokea mtoto amegusa sumu ya wadudu: mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, wewe ukiwa umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, mkimbize hospitali na chupa ya dawa mkononi. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa. Na ukiulizwa, sema kila kitu, hata kama unaona aibu. Yule bibi asingefungua mdomo, tungepoteza muda ambao mtoto hakuwa nao.

7.
Siku ya kuruhusiwa, yule mtoto aliniuliza kama kuku wake ameshapona. Mama yake alitazama chini. Mimi nina miaka kadhaa kwenye kazi hii na sikuwa na jibu.

Mama, kuku akijinyonyoa, kaa naye dakika kumi umtazame. Kama swali limekushinda, niandikie hapo chini, useme manyoya yametoka wapi na tangu lini. Jina la dawa tutalizungumza baadaye.