Kabla hujatuma pesa ya mganga Golbanti

Simu itakuja jioni ukiwa umebanwa kwenye matatu. Mtoto wa dada yako kule Golbanti ametimiza miaka mitatu na hasemi. Ukimwita hageuki, lakini pikipiki ikiwa mbali anaisikia kabla yenu wote. Wazee wamekaa, wameona ni mapepo, na wewe mwenye kazi ya mjini unaombwa utume pesa ya mganga. Utatuma, si ndio?

Sikucheki. Mwaka 2015 watafiti wa Kilifi walichapisha waliyoambiwa na wazazi na wataalamu wa Pwani kuhusu chanzo cha usonji. Uchawi, laana na mapepo yalitajwa, na papo hapo maambukizi, matatizo ya kujifungua na urithi. Na sisi wa mjini tuna mapepo yetu: kuna mtu kwenye simu yako saa hii anakwambia ni chanjo. Uvumi huo ulipata nguvu kwa makala ya Andrew Wakefield ya 1998 katika jarida la Lancet, ambalo liliifuta lenyewe 2010. Bado inazunguka TikTok.

Mimi chuo niliacha njiani, kwa hivyo usinivike koti jeupe. Lakini haya si siri. Sehemu kubwa ya usonji ni urithi. Uwezekano huongezeka mtoto akizaliwa kabla sana ya wakati, wazazi wakiwa na umri mkubwa, au mama akitumia valproate, dawa ya kifafa, akiwa mjamzito (asiiache ghafla, amwone daktari). Kuongeza uwezekano si kusababisha, na hakuna hapo panaposema mama hakumpenda mtoto wake.

Sasa rudi Golbanti. Mto Tana ulipofurika mwisho wa 2023, na tena 2024, vijiji vya delta vilizungukwa na maji. Mama mwenye uchungu akichelewa kufika hospitali ya Ngao, mtoto anaweza kukosa hewa akizaliwa. Malaria ikipanda kichwani huleta degedege, ambalo wazee wetu wamelipa jina la ndege na kulitafutia kafara, kumbe linaweza kumwachia mtoto shida ya kuongea na kujifunza. Si kila mtoto wa aina hiyo ana usonji. Mwingine hasikii tu! Ndiyo maana apimwe, na masikio yaanze.

Halafu kuna muda. Mtoto anayepata maneno ya kueleweka kabla ya kufika miaka mitano au sita, mara nyingi hujimudu zaidi akiwa mkubwa. Wengine hawatasema kwa mdomo kamwe, lakini watajifunza kuomba maji kwa picha au ishara. Usonji hauna dawa ya kuufuta, awe ni mganga au ni daktari anayekuuzia. Kinachobadilika ni kile mtoto anachoweza kufanya, na kinaanzia nyumbani: Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yanayotumia michezo na kazi za kila siku kama kuoga na kula. Miaka miwili ya kuzunguka kwa waganga inakula muda huohuo.

Kwa hivyo ukipigiwa, uliza kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kiko wapi. Kina sehemu ya hatua za ukuaji, ila wengi tunafungua ya chanjo na uzani tu. Halafu tuma nauli ya kliniki, si ya kafara.

Na kaunti ya Tana River nayo ijibu. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba ya vifaa 2023, wanapita nyumba kwa nyumba wakipima presha na sukari. Waongezewe maswali matatu ya kumuuliza mama wa mtoto wa mwaka na nusu: akiitwa anageuka? Anakuonyesha kitu kwa kidole? Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Kisha pawe na mtu Ngao au Garsen wa kumpokea mtoto huyo, asiambiwe aende Malindi.