Uvivu wa Nani?

Wako wasemao ya kuwa watu wa mijini huugua kisukari na shinikizo la damu kwa ajili ya uvivu wao. Neno hili halina haki. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri ya kuwa mtoto apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za michezo ya kutoa jasho. Je, acheze wapi, ikiwa kiwanja kimegeuzwa maduka na kando ya barabara hapana njia ya miguu? Aliyeuza malisho hana ruhusa ya kumcheka ng'ombe kwa kukonda.

Nairobi ni shahidi. Mwaka 1989 ilikusudiwa kujengwa jumba la orofa 60 katika Bustani ya Uhuru. Wangari Maathai alipinga, akatukanwa, na jumba halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa akiutetea msitu wa Karura. Leo watu hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli msituni humo, ingawa kiingilio humzuia maskini. Watu ni wale wale. Tofauti ni ardhi. Basi agawaye viwanja vya umma asihubiri mazoezi, kwani alichokiuza ni afya ya watu.