Wasiwasi wa Kijana Hautoki Katika Hulka Pekee

Imani kwamba kijana mwenye wasiwasi ndivyo alivyoumbwa, na kwamba dawa iliyobaki ni kumwambia ajikaze, imeenea majumbani na shuleni kiasi cha kutohojiwa tena, ingawa nusu yake ya kwanza ni ukweli uliotiwa chumvi na nusu ya pili ni kosa linaloumiza.

Hulka, yaani mwelekeo wa kihisia anaozaliwa nao mtu, ipo. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwaonyesha watoto wa miezi 4 vitu vigeni na kuwasikilizisha sauti ngeni, akabaini kwamba takriban mmoja kati ya 5 alirusharusha viungo na kulia. Watoto hao walielekea kuwa waoga kuliko wenzao, lakini ni wachache tu kati yao waliobaki na woga mkubwa utoto wao wote.

Kati ya hulka na wasiwasi husimama udhibiti wa hisia, yaani njia anazotumia mtu kuituliza, kuigeuza au kuificha hisia inapomjia, na njia hizo hufundishwa. Kujikaza ni mojawapo, tena dhaifu. Mwaka 1997 wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa kike wa chuo kikuu walitazama filamu za huzuni, baadhi yao wakiagizwa wasionyeshe lolote usoni: nyuso zilitulia kweli, lakini huzuni haikupungua, na moyo na mishipa ya damu vilifanya kazi kwa mkazo zaidi. Kujizuia kwa muda mbele ya wageni ni adabu na kuna mahali pake. Kugeuza kujizuia huko kuwa malezi ni jambo jingine kabisa.

Mwanasaikolojia Thomas Borkovec naye alieleza kwamba wasiwasi wenyewe ni aina ya kukwepa, kwa sababu mhitimu anayesubiri majibu ya maombi ya kazi na kurudia moyoni maneno ya "itakuwaje nikikosa" hubaki katika maneno, asiitazame picha kamili ya anachokiogopa, na hivyo hofu haipati nafasi ya kukabiliwa ikaisha. Kijana huyo akiambiwa ajikaze, huongezewa ukwepaji juu ya ukwepaji. Anachohitaji ni mtu wa kumwuliza hasa anaogopa nini, kisha kumsaidia kulipima upya jambo lenyewe, ujuzi ambao hata aliyezaliwa mwoga anaweza kujifunza, na ambao wazazi na walimu wengi wamemnyima kwa kuamini kwamba hulka yake ilikwisha kuamua.